Ulimi wa Fundi Sudi

Kama ningepewa kuirudia asubuhi moja tu ya maisha yangu, mwanangu, ningechagua ile Jumatatu ya masika niliposimama mlangoni mwa banda letu la sabuni, Ujiji, nikamwambia mama mmoja ambaye hakuwa amenikosea kitu, "Usiingie. Kazi yako hapa imekwisha." Naikumbuka mpaka rangi ya kitenge chake. Alikuwa ameshika ndoo mkono mmoja na viatu mkono wa pili, maana njia ilikuwa matope matupu. Aliniangalia, akaiweka ndoo chini taratibu kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, akasema, "Sawa, baba. Urakoze." Urakoze ni asante kwa Kirundi. Mimi namfukuza, yeye ananishukuru.

Nakuandikia haya kwa sababu ya yale uliyoniambia kwenye simu juzi, kuhusu fundi wako wa kuchomelea anayetukana wateja na kuwavunja moyo wenzake. Ulisema, "Baba mkubwa, nitafanyaje? Bila yeye karakana inafungwa." Nilikuambia nitakuandikia. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, nikiwa na umri kama wako.

Babu yako alipofariki alituachia banda la kupika sabuni ya mawese, mimi na shangazi yako Asha, baba yako akiwa bado mdogo. Wewe ulimfahamu Asha akiwa bibi mtulivu wa Kidahwe, mwenye kuongea kidogo. Sisi tuliokua naye tulimjua mwingine kabisa. Alikuwa dada yangu mkubwa, na hakupitisha siku bila kunisahihisha. Kola ya shati langu, namna ninavyoongea na mke wangu, jinsi ninavyowajibu wazee sokoni, yote aliyaona na yote aliyasema, mbele ya watu au nyuma yao. Nilikuwa nakasirika. Mara nyingi alikuwa na haki.

Kazi tuligawana. Mimi niliyemaliza kidato cha nne nilizunguka vijijini kutafuta mawese, na nilitafuta wanunuzi. Asha alisimamia chumba cha kumimina na kukata, pamoja na wanawake sita. Katikati yetu, kwenye moto, alikuwepo Fundi Sudi.

Fundi Sudi alimpikia baba yetu sabuni tangu kabla sijaanza shule. Kazi yenyewe ukiitazama ni nyepesi. Mawese yanachemka kwenye pipa, unatia maji yaliyoyeyushiwa kostiki, ile dawa nyeupe ya chengachenga inayogeuza mafuta kuwa sabuni, unakoroga mpaka inakuwa nzito. Shida iko kwenye kujua imefika wapi. Kostiki ikizidi, sabuni inababua mikono. Ikipungua, haigandi, inabaki uji wenye mafuta juu. Fundi Sudi hakuwa na kipimo. Alichovya kijiti, akakiacha kipoe, akagusisha ulimini. Kama inauma, aliongeza mafuta. Kama haiumi, aliongeza kostiki. Ikimtekenya tu, alisema, "Imekubali," akavuta kuni. Kesho yake vipande vilikatika vigumu, safi, vyenye rangi ya asali.

Alipokuwa akichanganya alitutoa wote nje, hata mimi mwenye banda. Siku moja nilimwomba aniambie kiasi, niandike kwenye daftari. Alicheka mpaka akakaa chini. "Msomi," akasema, "hebu liambie hilo daftari lichemke."

Wanawake aliwaita majina ambayo siwezi kuyaandika. Chakula cha mchana sote tulikula sinia moja, isipokuwa yeye, aliyetaka sahani yake peke yake, ifike kwanza, na pilipili na chumvi pembeni. Pilipili aliila kama wewe unavyokula karanga. Asha alimjibu kila siku. "Huyu akienda chooni," aliwaambia wenzake kwa sauti ya kusikika, "anaondoka na pipa, asije mtu akalionja." Wanawake walicheka ndani ya vitenge vyao, na Fundi Sudi alinitazama mimi. Nami nilitazama pembeni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kubwa bandani, mwanangu, kutazama pembeni.

Ikaja ile miaka ya wakimbizi. Watu walishuka kwenye mitumbwi kutoka Burundi, na baadaye kutoka Kongo, wengine na godoro, wengine na kuku, wengine mikono mitupu. Kambi zilijaa njia ya Kasulu, na kambi inataka sabuni. Wanunuzi waliokuwa wakinikimbia wakaanza kunitafuta. Nilikubali oda ambayo banda letu halijawahi kuipika.

Miongoni mwa walioshuka alikuwa Mama Saida, kutoka Rumonge, upande wa Burundi, mji wa michikichi kama wetu. Kiswahili alikijua, na alipochoka kilichanganyika na Kirundi, ambacho Waha, wenyeji wa kwetu, walikielewa bila taabu. Asha alimkuta sokoni akiwa hana pa kulala, akamchukua kwake, na wiki iliyofuata akamleta bandani. Kwa sheria mkimbizi alitakiwa kambini. Mwenyekiti wa mtaa alimvumilia kwa sababu nilimwambia kwa mdomo wangu, "Huyu ni mtu wangu wa kazi, nasimama naye." Alikaa Ujiji juu ya neno hilo tu.

Mama Saida alijua sabuni. Hakusema, Asha ndiye aliyegundua. Alimwona akichota tone kutoka kwenye pipa, akalidondosha kwenye bati baridi, akaliangalia. "Pete ya mafuta ikijitokeza pembeni, bado," alimweleza Asha. "Isipojitokeza, tayari. Kwetu tulipima kostiki kwa kopo, na kopo tulilichora alama." Asha alikuja kwangu mbio. "Yasini, sikiliza. Huyu mama anaijua kazi yote ya Sudi, tena bila matusi." Nilimwambia asimtajie mtu. Niliogopa Fundi Sudi atasikia. Alikuwa ameshasikia.

Wiki hiyohiyo sabuni ikakataa kuganda. Pipa la Alhamisi lilibaki uji. La Ijumaa vilevile. La Jumamosi tukalimwaga shimoni, na nzi wakalikataa.

Sasa nifike mahali pagumu. Mimi nilijua sababu. Jumamosi asubuhi niliingia stoo nikakuta debe la kostiki liko wazi, mfuniko umelala pembeni. Kostiki inanyonya unyevu hewani, mwanangu. Nilifundishwa hivyo darasani, na nikaona kwa macho yangu: chenga zimeshikana na kulowa kama sukari iliyomwagikiwa chai. Masika yale yote debe lilikuwa linakunywa ukungu wa ziwa, nguvu imepungua, na mkono wa Fundi unatia kiasi kilekile. Debe hilo hakuligusa mtu mwingine, Fundi alikataza. Nilirudisha mfuniko, nikatoka, sikusema kitu.

Jumapili mchana Fundi Sudi alituita mimi na Asha bandani.

"Tatizo nimelijua," alisema. "Ni yule mama. Alimzika mwanawe njiani, porini, hawakukaa matanga wala kuyaanua. Mtu ambaye msiba wake haujaondolewa, akisimama kwenye moto, moto unapoa. Marehemu baba yenu asingemruhusu kuvuka kizingiti hiki."

Ni kweli Mama Saida alimzika mwanawe njiani. Alimweleza Asha, na Asha alinieleza mimi, kwamba walifukia haraka kwa mikono na sufuria, wakaendelea kutembea.

Asha hakubishana na mila. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi tutamkalia matanga. Kwangu, kuanzia leo. Nitapika, nitamwita mwalimu wa madrasa asome, majirani watakaa naye siku tatu, tunaanua. Msiba wake utakuwa umeondolewa. Kuna lingine, Fundi?"

"Matanga hukaliwa palipo na kaburi."

"Kama ni hivyo, nusu ya watu waliopo Ujiji leo hawajaanua matanga. Tuwazuie wote wasiwashe moto?"

Fundi Sudi alinigeukia. "Bwana mdogo, mimi nimezeeka, sitaki maneno. Kesho akiwepo yeye, mimi sipo. Utampikia mnunuzi wako kwa daftari."

Asha naye akanigeukia. Sauti yake ilishuka. "Yasini, wewe umesoma. Unajua sabuni inaharibika kwa nini. Sema."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni: debe, mfuniko, unyevu. Ilikuwa kazi ya kufungua mdomo tu. Nikasema, "Dada, oda ni ya mwisho wa mwezi."

Nilitegemea matusi, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alichukua mtandio wake, akaondoka.

Jumatatu nikasimama mlangoni, nikafanya nililokueleza mwanzo. Na kabla ya hapo, alfajiri, nilifungua debe jipya la kostiki kwa mikono yangu, nikalitupa lile la zamani. Pipa la siku hiyo liliganda. Fundi Sudi aliinua kijiti mbele ya wanawake wote, akauliza, "Mmeona?" Hawakujibu. Nami niliyefungua debe, nikanyamaza pamoja nao. Ndipo nilipomvika ufalme. Kabla ya siku ile alikuwa fundi mkali. Baada yake hakukuwa na mtu bandani asiyeamini kwamba sabuni inamsikiliza yeye.

Asha alikaa matanga ya yule mtoto nyumbani kwake, siku tatu, kama alivyosema. Watu walijaa mpaka barabarani, wenyeji na wageni, na nasikia wengi walilia wafu wao wenyewe pale, kwa kuwa hawakuwahi kupata mahali pa kuwalilia. Nasema nasikia, kwa sababu sikwenda. Niliogopa Fundi Sudi ataambiwa. Nilipeleka mfuko wa mchele. Ulirudi siku ya pili, umefungwa kwa kamba yake ileile.

Neno langu lilipoondoka, mwenyekiti naye hakuwa na la kushika. Mama Saida alipanda lori la kambini. Asha alimsindikiza, na baada ya miezi michache alihamia Kidahwe, kwenye njia hiyo ya Kasulu, ili awe karibu naye. Hatukugombana. Aliniletea ufunguo wa chumba cha kukatia, akauweka mezani, akaniuliza hali ya watoto.

Banda liliendelea, maana sabuni ilitakiwa na hata mjinga angeiuza. Ila wanawake waliondoka mmoja mmoja. Niliajiri wengine, wakaondoka. Kila aliyeonyesha kuwa na akili Fundi Sudi alimkuta na kosa, nami nilikuwa nimeshamfundisha kwamba akinitisha nitainama. Hakuwa na sababu ya kuacha. Ukitaka haki, kosa lile lilikuwa langu zaidi kuliko lake.

Mwaka wa pili Fundi Sudi akaugua, akalala kwake. Banda likasimama wiki mbili. Nilijaribu mwenyewe nikaharibu mapipa mawili, la kwanza kwa uji na la pili kwa kubabua mikono. Nilikosa pa kwenda, nikapanda gari kwenda Kidahwe.

Niliwakuta nyuma ya nyumba, Asha na Mama Saida, ambaye siku walizoruhusiwa kutoka kambini kufanya vibarua alikuja kumsaidia. Walikuwa na pipa dogo, kopo lenye alama ya msumari na kipande cha bati. Nilisalimia, nikasimama kama mtu aliyekuja kuomba moto. Mama Saida ndiye aliyenivutia kigoda. Nilipoeleza shida yangu, aliangalia bati lake kidogo, akasema, "Baba, si jambo kubwa. Kaa utazame."

Nilikaa asubuhi moja. Asubuhi moja, mwanangu. Makopo mangapi ya mafuta, mangapi ya kostiki, tone kwenye bati, pete ikitoka endelea, isipotoka mimina. Kile nilichoamini kwamba kimo ndani ya mtu mmoja duniani kilikuwa bandani kwangu tangu zamani, kimeshika ndoo na viatu, nami nilikifukuza. Nilipoaga nilijaribu kumwomba Mama Saida msamaha. Alinikatiza. "Wewe ulinipa kazi nilipokuwa sina mahali," alisema. "Nami nilipata kumlilia mwanangu. Yametosha." Baadaye amani iliporudi kwao alivuka kwenda Rumonge, na sikumwona tena.

Pipa la kwanza nililolipika kwa kopo liliganda vizuri. Nilikata kipande, nikampelekea Fundi Sudi kitandani. Nakiri kwamba nilikwenda na kiburi kidogo, nione uso wake. Nilimkuta akila ugali na migebuka, samaki wa ziwa letu. Mkewe alikuwa analalamika. "Mwambie wewe, shemeji. Chumvi anamimina, pilipili anamimina, bado anasema nimempikia maji."

Alikichukua kile kipande, akakigeuza, akakilamba. Akakilamba tena. Kisha akakiweka kifuani na macho yake yakalowa.

"Imekubali?" nilimuuliza.

"Sijui," alisema. "Ulimi wangu ulikufa siku nyingi, Yasini. Kostiki imeumaliza. Tangu kabla hajaja yule mama. Nilikuwa nakisia. Nilikuwa naangalia rangi na kuomba Mungu." Ilikuwa mara ya kwanza aniite kwa jina langu. "Nilipomwona anadondosha tone kwenye bati, nilijua siku zangu zimekwisha. Ningekula wapi? Sijui kingine chochote."

Kiburi changu kilitoka chote. Miaka ile yote nilimwogopa mtu aliyekuwa anaogopa kuliko mimi. Pilipili ile niliiona kila siku, sikujiuliza. Kama ningemketisha chini kama mtu na kumuuliza, "Fundi, una nini?", huenda angesema, na ningempa kiti kivulini, asimamie, afundishe, ale na sisi sinia moja mpaka mwisho wake. Badala yake nilimwachia banda aliharibu, nikajiambia kwamba hiyo ndiyo heshima kwa mzee. Nilimtunza mpaka alipofariki, na nilimzika. Hilo angalau nililifanya.

Basi sikiliza, mwanangu, nikuambie ninavyofikiri kuhusu fundi wako wa kuchomelea. Usianze kwa kumfukuza. Anza kwa kumuuliza anaogopa nini, mkiwa wawili, bila hasira, siku ambayo hajafanya kosa. Wakati huohuo mweke mwenzake ajifunze ile kazi anayoificha, na umwambie waziwazi kwamba unafanya hivyo na kwamba nafasi yake ipo. Akikubali, umepata mwalimu. Akikuwekea sharti la kumtoa mtu asiye na hatia ili yeye abaki, hapo usihesabu oda wala mwisho wa mwezi. Mwache aende. Karakana ikifungwa wiki mbili itafunguliwa. Mimi nilifunga wiki mbili na nikafungua. Niliyemtoa ili nisifunge hakurudi.

Na ukijua ukweli ambao ungemwokoa mtu, useme siku hiyohiyo. Ukilala nao, kesho yake unakuwa umekula njama.

Shangazi yako aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilikwenda Kidahwe kila Idi. Alinipikia, aliuliza watoto, alinisindikiza hadi kituoni. Nilipotaka kuuza kiwanja cha baba nilikwenda kumwuliza, nikijua moyoni kwamba nakosea na nikitaka anizuie. Alisema, "Sawa, kama wewe umeona hivyo." Nilikiuza, na nilikosea. Nilipogombana na baba yako tukanuniana mwaka mzima, nilimweleza, akasema, "Sawa." Nilivaa hata shati lenye kola iliyochakaa, makusudi, nikakaa mbele yake mchana kutwa. Hakuliona.

Mungu akujalie kazi yako, mwanangu, na moto wako uwake. Akupe mafundi hodari, akupe na kifua cha kuwaongoza. Akupe hasa mtu mmoja nyumbani mwako wa kukuambia umekosea, na akupe masikio ya kumsikia angali anasema. Mimi nilikuwa naye. Asubuhi ile sikupoteza oda wala banda. Nilimpoteza dada yangu akiwa hai, na kwa miaka yote iliyobaki, mpaka tulipomzika Kidahwe, hakunigombeza tena hata mara moja.